Nimeipitia fanksheni ya kunakili majina, nikaambiwa ninunue miwani

Mwana_Chumbageni:
Wakuu, salamu. Ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, hivyo atakayeona maneno yangu ni makali anivumilie. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ule mradi wa programu huria wa orodha za anwani, na kila kijana wa Tanga aliyewahi kuandika programu kwa lugha ya C amepita mikononi mwake akatoka akichechemea.

Leo ameleta fanksheni ndogo, yaani kipande cha programu, ya kunakili jina, akataka tuipitie. Kigezo cha kwanza amekiandika `char lengo[64]`, yaani safu ya baiti 64 ya kupokelea jina, kisha ndani anaita `strncpy(lengo, chanzo, sizeof(lengo) - 1)`, inayonakili herufi zisizozidi idadi hiyo ya mwisho, na kuweka baiti ya sifuri mwishoni, ambayo ndiyo huonyesha jina limeishia wapi. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba safu ikishaingia kwenye fanksheni huwa ni pointa tu, yaani anwani ya mahali safu ilipo, kwamba ile 64 kompaila (programu inayotafsiri msimbo) huipuuza, na kwamba katika mashine ya biti 64 `sizeof` hiyo, inayopima ukubwa kwa baiti, itarudisha 8 za pointa, yaani herufi saba na sifuri yake, basi. Nikashauri ukubwa upitishwe kando kama kigezo cha tatu. Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Hapo pameandikwa 64, dogo. Nunua miwani."

Miwani! Tangu bandari ya Tanga ijengwe haijawahi kushushwa dharau nzito kiasi hicho.

Ushahidi wake ni kwamba ameijaribu kwa wilaya zote za mkoa. Ni kweli ameijaribu: Tanga, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi, na hakuna hata moja inayozidi herufi saba! Mimi nikaingiza Chumbageni ikatoka "Chumbag", nikaingiza Raskazone ikatoka "Raskazo", nikambandikia matokeo yote mawili. Hakuyatazama. Kompaila ya GCC yenyewe hutoa onyo kuhusu kosa hili bila kuombwa, naye amelizima onyo hilo kwa makusudi, halafu asiyeona ni mimi. Ninunue miwani, mimi!

FundiPongwe:
Pole sana, mkuu. Kwani miwani huna?

Mwana_Chumbageni:
Ninayo, na nilikuwa nimeivaa.

FundiPongwe:
Basi alikuwa anakushauri ununue ya pili. Huo ni ukarimu, na wewe umekuja kuanzisha uzi.

BintiMakorora:
Mimi nina kompyuta kuukuu ya biti 32, ambako pointa ina baiti nne. Nimeijaribu fanksheni hiyo sasa hivi na Tanga imekuwa "Tan". Wilaya zake zote nane zimekatika.

Mzawa_wa_Bagamoyo:
Ninyi mnalilia mitaa, na sisi je? Bagamoyo ina herufi nane. Mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla Dar es Salaam haijapewa cheo hicho, leo unaitwa "Bagamoy" kwa sababu mtu wa Tanga hakujaribu jina lolote lililo nje ya mkoa wake. Naomba tupewe uzi wetu.

FundiPongwe:
Mkipewa uzi, nao utakatwa kwenye herufi ya saba.

KodaRaskazone:
Mnamlaumu bure, mchawi ni `strncpy`. Ilitengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye urefu maalumu katika mfumo wa Unix wa zamani, ambako jina la faili lilikuwa na nafasi ya baiti 14, ndiyo maana hujaza sifuri nafasi yote iliyobaki, na chanzo kikiwa kirefu haiweki sifuri hata moja. Mimi nilipeleka `strlcpy`, mbadala unaoweka sifuri mwishoni, ambayo watu wa mfumo wa OpenBSD wanayo tangu 1998, nikakataliwa kwa madai kwamba glibc, maktaba ya C ya Linux, haina. Glibc wameiweka 2023 na ombi langu bado limefungwa. Hayo ndiyo malalamiko, siyo miwani.

BintiMakorora:
Walikukataa kwa sababu isiyo sahihi, lakini `strlcpy` nayo husoma chanzo hadi mwisho ili irudishe urefu wake. Chanzo kikikosa sifuri, itasoma hadi mpakani Horohoro. Tumia `snprintf`, ile ya kuandika maneno ndani ya kikomo.

KodaRaskazone:
Na `snprintf` yenye `%s`, alama ya kuingiza maneno, haisomi chanzo hadi mwisho? Nayo inarudisha urefu kamili, dada yangu.

Mwana_Chumbageni:
Wakuu, tusitoke nje ya mada. Aliniambia ninunue miwani.

Mzawa_wa_Bagamoyo:
Tumesikia. Dada, endelea na `snprintf`.

MtuwaHandeni:
Ninyi nyote mnahesabu herufi wakati C inahesabu baiti. Jina lenye ng' likiandikwa kwa ile ritifaa iliyopinda ambayo simu hujiwekea yenyewe, ritifaa hiyo peke yake ni baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti, na ikikatwa katikati kinachobaki ni takataka isiyosomeka. Nililipeleka suala hilo kwenye mradi mwingine, na mpitiaji wa huko akaniagiza kwa maandishi kwamba ritifaa iondolewe kwenye majina yote.

BintiMakorora:
Kwa hiyo sasa mnaandika "ngombe"?

MtuwaHandeni:
Tunaandika hivyo, na hifadhidata yote ya mifugo imeshabadilishwa.