Naomba ushauri: kukata mtungi wa gesi niutengenezee jiko la nyama choma

Wakuu, habari za jioni. Nina mtungi chakavu wa gesi wa kilo 15, nataka kuupasua ubavuni uwe jiko la nyama choma. Valvu nimeifungua nje penye upepo, kwa spana kubwa (nilining'inia kwenye mpini mpaka ikakubali), maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Nimeujaza maji na sabuni ya unga mara mbili, nikamwaga. Bado unanuka, na maji yanatoka na mafuta meusi.

Fundi jirani anasema nipige grainda tu. Mimi cheche zile naziogopa.

Je, nikate ukiwa umejaa maji mpaka shingoni? Shoti ya grainda naiepukaje? Na rangi ya nje niikwangue kabla ya kuchomelea miguu?