UZI WA MALALAMIKO: Uwanja wa ndege wa Malindi, mita 1,402 zile zile, ahadi zile zile

Wadau wa Malindi, Watamu, Ganda, Mambrui na wote wanaokula jasho lao kwa mgeni anayeshuka kwenye ndege: nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Kila msimu wa kampeni tunatangaziwa kwamba njia ya kurukia itatoka kilomita 1.4 hadi 2.5. Wakubwa wanapiga picha wakinyoosha kidole kuelekea vichakani, kisha wanapanda magari yao na kuondoka. Lami iko pale pale.

Tatizo langu kubwa si kwamba kazi imechelewa, maana miradi mingi huchelewa. Ni kwamba inatangazwa kama mtu anayeongeza urefu wa baraza ya nyumba. Mita 1,100 za lami peke yake hazileti jeti. Ngojeni niwaeleze kwa hesabu, ili safari ijayo mkiitwa barazani muulize maswali yenye meno.

Njia kuu ni 17/35 (namba hizi ni mwelekeo wa dira wa kila mwisho wa njia, 17 ni nyuzi 170 na 35 ni nyuzi 350), mita 1,402. Ile fupi, 08/26, ni kama mita 1,000 tu, ya ndege ndogo. Uwanja uko futi 80 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwinuko hautusumbui kama unavyosumbua Nairobi. Kinachotusumbua ni joto. Kanuni ya upangaji wa viwanja inasema kila nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya joto la kawaida la vitabuni kwa mwinuko wa mahali hapo, urefu unaohitajika unaongezeka kwa asilimia 1. Joto la kawaida la vitabuni kwa usawa wa bahari ni nyuzi 15. Malindi mwezi wa Machi, adhuhuri, unasoma 32. Hiyo ni nyuzi 17, yaani asilimia 17. Gawanya 1,402 kwa 1.17 upate kama 1,198. Maana yake, saa ile ambayo mgeni anataka kuruka, ile lami inamfaa rubani kama mita 1,200 za nchi ya baridi.

Na urefu wa njia hauhesabiwi kwa ndege iliyo nzima. Unahesabiwa kwa ndege iliyoharibikiwa. Ndege ya abiria lazima iweze kukimbia mpaka ikaribie kuruka, injini moja izime, kisha rubani awe na njia mbili: asimame kwenye lami iliyobaki, au aendelee kwa injini moja na kuvuka mwisho wa lami akiwa futi 35 juu. Ikikosekana mojawapo, uzito unapunguzwa. Unapunguzwa nini? Mizigo, mafuta, au watu. Kwa hiyo ukisikia sanduku lako limebaki litakuja na ndege ya kesho, usimtukane kijana wa kaunta. Yeye hakuikata lami.

Kutua nako kuna hesabu yake. Kabla ndege ya abiria haijaondoka inakotoka, lazima ionyeshe kwamba itasimama ndani ya asilimia 70 ya njia ikiwa ni ya pangaboi (ndege ya injini zenye panga zinazozunguka), na asilimia 60 ikiwa ni jeti. Kwa Malindi: pangaboi mita 981, jeti mita 841. Lami ikiwa imelowa, urefu unaotakiwa unaongezwa asilimia 15, kwa hiyo hesabu inashuka hadi mita 853 kwa pangaboi na mita 731 kwa jeti. Mvua ya masika ya Mei mnaijua. Hakuna Boeing 737 iliyojaa watu itakayosimama ndani ya mita 731, hata rubani awe nani.

Ndiyo maana kwa miaka yote uwanja huu umekuwa wa mapangaboi. Enzi za East African Airways zilikuja DC-3. Baada ya shirika lile kuvunjika mwaka 1977 na Kenya Airways kuzaliwa, tukawa na Fokker Friendship, kisha Fokker 50, na leo tunazo Dash 8 Q400, ambayo ikijazwa mpaka uzito wake wa mwisho ina tani 29 na nusu na inataka karibu mita 1,400 katika hali ya baridi. Inamudu hapa kwa sababu Nairobi ni kama kilomita 410 tu kwa mstari wa angani, haibebi mafuta mengi. Yaani tumefika ukingoni kabisa. Ndege kubwa kuliko hiyo haina nafasi.

Mji huu ulikuwa na ndege zinazoruka juu yake tangu zamani. Mwaka 1940 ndege za Italia ziliudondoshea mabomu wakati wa vita. Baadaye Waitalia walirudi kwa amani, na kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni, Aprili 1967, walirusha satelaiti. Kutoka kwenye maji yetu! Satelaiti ya Uhuru nayo ilitokea hapo hapo Desemba 1970. Familia za Kiitaliano zikajenga, wakafungua mahoteli, watoto wetu wakajifunza Kiitaliano ufuoni. Halafu Mtaliano huyo huyo anatoka Milano, anashukia Moi Mombasa kwenye njia ya mita 3,350, anapakiwa kwenye basi, anasongwa na foleni ya Mtwapa, anavuka daraja la Kilifi, anapita Gede, ndipo afike. Kilomita 120 baada ya usiku mzima angani. Wengi wanauliza kwa nini wasibaki Diani tu. Nani wa kuwajibu?

Sasa hizo mita 2,500. Ongezeko ni mita 1,098. Mwisho wa njia unatakiwa uwe na ukanda wa mita 60 uliosawazishwa, na baada yake eneo la usalama la ndege iliyopitiliza: mita 90 ndicho kiwango cha chini, 240 ndicho kinachopendekezwa kimataifa. Ukichukua kinachopendekezwa, jumla ni kama mita 1,400 kutoka mwisho wa lami ya leo kama utarefusha upande mmoja. Zidisha kwa upana wa ukanda wa mita 280. Unapata hekta 39, ekari 97 hivi. Toa kipande kidogo ambacho tayari kiko ndani ya uzio. Hizo ni ekari za watu. Kuna mahindi, kuna makaburi, kuna visima.

Na hapo bado hujafika kwenye minazi. Ardhi ya kununuliwa inaisha, lakini mwinuko wa kukaribia, yaani mstari wa angani wa kushukia ndege ambao mti au nyumba hairuhusiwi kuupita, unaendelea. Kwa njia ya jeti inayotua kwa kuongozwa na vyombo, mteremko ule ni asilimia 2 kuanzia mita 60 kutoka kizingiti cha njia, yaani pale sehemu ya kutulia inapoanza. Mnazi wa mita 20 unaruhusiwa tu kuanzia mita 1,060. Ulio karibu zaidi ni lazima ukatwe, na mnazi ni mali: una nazi, una tembo, una makuti. Mwenye mnazi hachukuliwi shamba lake ila anakatiwa mti wake na anakatazwa kujenga ghorofa. Hajawahi kutajwa katika hotuba hata moja niliyoisikia.

Upana nao? Ndege ya jamii ya 737 kwa kawaida inataka mita 45. Uimara? Q400 ni tani 29 na nusu, 737-800 ni tani 79. Ukiunganisha lami mpya nzito na lami ya zamani iliyozoea mapangaboi, ile ya zamani itabonyea kwenye mapito ya magurudumu na kupasuka, na maji ya mvua yataingia chini kwenye msingi. Kwa hiyo kazi ni kurefusha, kupanua, na kuweka tabaka jipya juu ya ile 1,402 yote. Kila ukisikia bajeti inayotaja urefu tu, ujue bado hamna mradi.

Magari ya zimamoto yanafuata urefu wa ndege. Q400 ina karibu mita 33, hiyo ni daraja la 6: magari mawili na lita 7,900 za maji kwa povu la kiwango cha kati. 737-800 ina mita 39 na nusu, inaingia daraja la 7: lita 12,100. Viwanja vyenye ndege chache huruhusiwa kushuka daraja moja, sawa, lakini gari lazima lifike mwisho wowote wa njia ndani ya dakika 3. Ukiongeza kilomita nzima, je, kituo kitabaki kilipo?

Upepo nao una neno lake. Kusi inavuma karibu sambamba na 17, ndege zinatua vizuri. Kaskazi ndiyo inayoleta shida, na Kaskazi ndiyo msimu wa wageni. Ikivuma kutoka kaskazini-mashariki kwa noti 20 (noti ni maili ya baharini kwa saa), kwenye 35 unapata noti 16 za ubavuni na kama 11 tu za usoni. Kwenye 08 ubavu unashuka hadi 11 hivi na za usoni zinapanda hadi 16. Ile njia fupi inayodharauliwa ndiyo inayowafaa Caravan na vindege vya safari siku hizo. Kuitelekeza kwa sababu macho yote yako kwenye 2,500 ni kosa.

Ninachokitaka mimi ni mpangilio. Kwanza ardhi ilipwe. Pili vizuizi viondolewe na uzio ujengwe kwenye mpaka mpya. Tatu lami. Nne zimamoto, taa, na vyumba vya uhamiaji, forodha na afya. Tunachofanyiwa ni kuanza na tangazo na kuishia kwenye tangazo.

Jibu #1

Ndugu, umesema vizuri ila suala la ardhi umelipitia haraka mno. Hapo ndipo panapouma.

Katiba ya 2010, kifungu cha 40(3), inasema ukichukuliwa ardhi kwa matumizi ya umma unalipwa fidia ya haki, kamili, bila kucheleweshwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka hatua: notisi ya nia katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha angalau siku 30 zipite ndipo Tume ya Kitaifa ya Ardhi ifanye kikao cha kusikiliza wenye maslahi, na kikao chenyewe kitangazwe siku 15 kabla. Halafu tuzo ya fidia inatolewa kwa maandishi, mtu kwa mtu. Marekebisho ya 2019 yakasema malipo yasizidi mwaka mmoja baada ya ardhi kutwaliwa.

Umeona mwanya? Mwaka unahesabiwa kuanzia kutwaliwa. Ukiwa umetangaziwa tu, hujatwaliwa, saa haijaanza kukimbia. Lakini mtu huyo tayari amefungwa mikono. Benki haitampa mkopo kwa kiwanja chenye tangazo. Mnunuzi hamtaki. Akitaka kujenga choo anaambiwa asubiri. Anazeeka kwenye nyumba ya makuti inayovuja akisubiri lami.

Na Mwambao una donda lake la zamani. Sheria ya hati ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wakiitwa maskwota kwenye mashamba ya mababu. Mwenye hati na mwenye minazi mara nyingi ni watu wawili tofauti. Watu wengi hawajui kwamba kifungu cha 40(4) kinaruhusu anayekaa kwa nia njema bila hati naye alipwe. Kwa hiyo siku ya kikao usikae nyumbani ati huna karatasi. Nenda na orodha: miti kwa aina na idadi, kisima, makaburi, nyumba na vipimo vyake, picha zenye tarehe, na barua ya chifu. Asiyeandikwa kwenye kikao kile atapata taabu sana kuingizwa baadaye.

Jibu #2

Naongeza kuhusu ndege wa mbinguni, maana hawa hawasubiri fidia. Kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu wanafuata taka. Mwongozo wa kimataifa unataka jaa la taka lisiwe ndani ya kilomita 13 za uwanja. Chora duara la kilomita 13 kutoka uwanja wetu uone limemeza nini: mji mzima, machinjio, soko, samaki wanaotupwa ufuoni. Kunguru mmoja akiingia kwenye injini ya jeti, rubani hana budi kutumia ile hesabu ya mwenye uzi, ya kusimama au kuendelea. Pangaboi huumia kwa kiasi kidogo kuliko jeti, kwenye panga zake, lakini jeti inavuta hewa kama kinywa. Tukiomba jeti, tuombe na mpango wa taka wa kaunti siku hiyo hiyo. Na uzio: njia za mkato za waenda kwa miguu hazitazibwa kwa waya tu, zitengenezewe barabara ya kuzunguka, la sivyo waya utakatwa usiku wa kwanza.

Mwenye uzi

#1, umenisahihisha na nakubali. Basi tuanzie hapo. Yeyote mwenye nakala ya notisi ya Gazeti Rasmi inayotaja viwanja vya upanuzi huu, aiweke hapa: tarehe, namba ya notisi, namba za viwanja na ukubwa. Majina ya watu yafunikeni. Tutaipanga notisi moja baada ya nyingine, tuandike kando ipi ilifika kwenye kikao, ipi ilifika kwenye tuzo, na ipi ilifika kwenye malipo.