Gitaa la kubonyeza kwenye kibodi au gitaa la kweli kwenye ampu ya kompyuta, kipi kinasikika kama mtu anapiga?

chalii_wa_sakina
Wakuu habari za jioni. Nina studio ndogo hapa Sakina, Arusha, nafanya kwaya na bongofleva, sasa kuna kwaya wanataka albamu yenye magitaa yanayosikika ya ukweli, solo na rizimu, sebene kabisa, yale magitaa ya kuchezesha ya Kikongo, sio kinanda kinachojifanya gitaa. Naona njia mbili. Ya kwanza zile gitaa za kwenye kompyuta unazipiga kwa kibodi ya kinanda, nimeangalia Ample Guitar, Shreddage na zile Session Guitarist za Native Instruments. Ya pili nichomeke gitaa la kweli kwenye saundi kadi alafu ampu (amplifaya ya gitaa) ndo iwe programu ya kompyuta, AmpliTube, Guitar Rig au Neural DSP. Aliyetumia zote anieleze tofauti kwenye kusikika, bei nitaangalia mwenyewe. Laptopu ni i5 ram 8.

solo_wa_kiboriloni
Meku hivyo vitu viwili wala havishindani. Gitaa la kompyuta linakupa nyuzi, ampu ya kompyuta inakupa kile kinachotokea baada ya nyuzi. Hata hiyo Shreddage sampuli zake zimerekodiwa kavu, gitaa limechomekwa moja kwa moja bila ampu, kwa hiyo ukiinunua bado sauti yake inahitaji kupitishwa kwenye ampu. Swali lako la ukweli ni vidole vya nani vitapiga.

Na kwa sebene jibu langu ni moja, tafuta mpigaji. Solo ya sebene inaishi juu huku kwenye freti za mwisho mwisho, nyuzi mbili zinapigwa pamoja, kidole kinagonga noti bila mkono wa kulia kugusa kitu, noti inavutwa inaachiwa, na kila marudio anabadilisha kidogo tu kulingana na ngoma inavyomsukuma. Kwenye kibodi unaweza kuandika hayo yote noti kwa noti lakini utakaa usiku mzima kwa sekunde chache za wimbo. Session Guitarist ni nzuri sana kwa inachofanya, ila ndani yake mna mitindo ambayo tayari ilishapigwa na mtu, mara nyingi wewe unachagua kodi tu (zile noti kadhaa zinazolia pamoja), na mitindo yenyewe ni ya pop, folk na vitu vya huko. Ile rizimu yetu inayojibizana na solo humo haimo.

njiro_mikisi
Mkuu wa Kiboriloni nakubali kwa solo, kwa rizimu ya akustiki sikubali. Chini ya sauti za kwaya, na kinanda kipo na ngoma zipo, Ample Guitar M inasimama vizuri kabisa, zile sampuli ni za Martin D-41, na kuna toleo la Lite la bure unaanza nalo leo bila kutoa hata mia.

Kinachowaangusha watu ni kupiga kodi za kinanda. Ukibonyeza G B D zimebanana pale katikati hakuna plagini (hizi programu za kuongeza ndani ya programu ya kurekodi) duniani itakayokuokoa, gitaa halipigwi hivyo. G ya wazi kwenye gitaa kuanzia uzi mnene ni G B D G B G, noti sita zimesambaa oktevu mbili, na mkono ukishuka zinaanza nene ukipanda zinaanza nyembamba, wala haupandi na nyuzi zote sita, mara nyingi ni tatu nne zile nyembamba. Usiende chini ya ile E ya uzi wa sita, hertz 82 hivi, chini ya hapo gitaa la kawaida halina noti. Velositi, yaani nguvu ya kila noti, zisilingane. Ukifanya hayo mwimbaji mwenyewe atakuuliza nani kapiga gitaa.

chalii_wa_sakina
Asante sana kaka. Alafu ile kutanuka kushoto na kulia, nikikopi treki moja niweke pande zote si inatosha?

njiro_mikisi
Hapana, ukikopi unapata kitu kilekile kwa sauti kubwa zaidi katikati. Ukisogeza moja milisekunde kadhaa itatanuka kidogo lakini mtu akisikiliza kwenye simu yenye spika moja inakuwa na mlio wa ndani ya bomba. Kinachotanua ni mtu kupiga mara mbili, zile tofauti ndogo za mkono. Kwa gitaa la kompyuta piga upya kwa kibodi mara ya pili, na ikiwezekana tumia kodi za sehemu nyingine ya shingo au gitaa tofauti.

fundi_ampu_moshi
Naona ampu zimepitwa na ndo penye utamu. Watu wanahangaika na jina la ampu wakati sauti kubwa ipo kwenye kabineti. Spika ya gitaa haitoi juu kama spika ya muziki, kuanzia kilohertz 5 hivi inashuka haraka, ndo maana gitaa la umeme likichomekwa kavu kwenye mikisa linachoma masikio kama nyuki. Kwenye kompyuta kazi hiyo inafanywa na faili la IR, ni rekodi fupi sana ya jinsi kabineti fulani na maiki fulani, mara nyingi Shure SM57, vinavyoitikia. Badilisha IR tu usiguse kingine, utadhani umebadilisha gitaa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chukua toleo la bure la AmpliTube au Guitar Rig, badilisha kabineti, sikiliza.

Kuna na Neural Amp Modeler, hii ni bure kabisa na programu yake ni huria, inajifunza ampu halisi kwa kuisikiliza, alafu watu wanagawa mafaili yao mtandaoni. Kwa kuguswa na kidole naiweka mbele ya nyingi za kulipia, ukipiga taratibu inatulia ukikaza inakasirika kidogo, kama ampu. Ubaya wake faili moja ni ampu ikiwa imesetiwa namna moja, ukitaka geini (kiwango cha kupasuka) nyingine unatafuta faili lingine, na inakula prosesa, kwa i5 chukua zile modeli nyepesi. Neural DSP wa Finland ni kampuni nyingine kabisa msichanganye majina, wao wanauza ampu mojamoja na unajaribu siku 14 bure.

Kwa sebene usinunue kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya muziki wa metali, ile roki nzito. Unataka ampu safi isiyopasuka, mfano Roland JC-120, hiyo ilitoka 1975 na choras yake (ule mlio kama magitaa mawili pamoja) imo ndani, plagini nyingi zina ya kuiga. Kompresa kidogo ya kusawazisha nguvu za noti kabla ya ampu, choras, dilei fupi ya kurudia mlio. Riveb (mwangwi wa ukumbi) iwe ndogo, kwaya yenyewe itakuja na riveb yake na solo ikizama humo hairudi.

mama_wa_mikisi
Naongezea kwenye laptopu maana ndo inakatisha tamaa wapigaji. Bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta inasubiri lijae ndo ilichakate) weka sampuli 128, kwa sampuli 44100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3 kuingia na nyingine 3 kutoka, ukijumlisha na za draiva mpigaji bado anaivumilia. Ikiwa 1024 anasikia noti yake imechelewa na anaanza kuburuta, sebene inakufa hapohapo. Saundi kadi iwe na tundu lililoandikwa INST au Hi-Z, pikapu za gitaa (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) zinataka hilo, ukichomeka kwenye laini sauti ya juu inapotea na hakuna ampu itakayoirudisha. Tumia draiva ya ASIO (ya Windows, inapunguza kuchelewa) ya kampuni ya hiyo kadi kama ipo. Na ukisikia mvumo chomoa chaja ya laptopu kwanza, rekodi na betri, wiring ya nyumba nyingi hizi ethi hamna.

chalii_wa_sakina
Basi rizimu ya akustiki nafanya na Ample, pesa inaenda kwenye saundi kadi. Ila mpigaji wa ile kwaya yupo Moshi, Soweto, na wiki hii hawezi kupanda Arusha. Ana laptopu yake na kadi ndogo. Akirekodi hukohuko inawezekana?

solo_wa_kiboriloni
Inawezekana vizuri tu. Asikie ampu masikioni ili apige kwa hisia, lakini akutumie ile kavu, ampu utaweka wewe na utaibadilisha hata mwezi ujao bila kumsumbua. Mtumie biti yenye kliki na umwandikie tempo, arekodi faili la WAV la 24-bit, kila treki ianze sifuri hata kama solo inaingia dakika ya tatu, la sivyo utakuwa unatafuta inapokaa. Wav za mono sio nzito, bando linatosha. Na mwambie abadilishe nyuzi siku moja kabla, asibadilishe asubuhi ya kurekodi, mpya kabisa zinashuka tuni kila baada ya wimbo.