Tupeane uzoefu: waliowahi kuhubiri Injili Japani wakiwa wageni

Safari_ya_Imani
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharika wetu umealikwa na kanisa moja dogo la Osaka, na mimi nimo kwenye msafara. Huku kwetu nimezoea mikutano ya nje, unafunga spika, kwaya inaimba, watu wanajaa uwanja. Kule naambiwa Wakristo ni kama asilimia 1 tu ya watu wote. Mliowahi kuhudumu huko, yapi yaliwakuta? Mahubiri tutapeana Jumapili, hapa nataka mliyoyaona.

Mama_wa_Kobe
Amina mtumishi. Spika ziache nyumbani. Mimi nilipokelewa na mchungaji Mjapani huko Kobe, waumini wachache, wengi wazee. Hufukuzwi, hutukanwi. Unashuhudia, mtu anakusikiliza mpaka mwisho, anainama, anashukuru, anaenda zake. Sisi tumezoea mtu wa kubisha, kwa sababu anayebisha unajua neno limemgusa. Huyu wa kuinama unabaki humwelewi.

Kilichonisaidia ni kuimba. Wajapani wanapenda sana nyimbo za gospeli, kuna vikundi vya kujifunza ambavyo wanakwaya wengi hawajabatizwa kabisa. Tukimaliza mazoezi tunakaa kwenye chai, na hapo ndipo maswali yanatoka. Siku moja mama mmoja aliniuliza mama yake mzazi, aliyekufa bila kulisikia jina la Yesu, yuko wapi sasa. Wote wakanyamaza wakinitazama mimi. Nilimwambia yuko mikononi mwa Mungu mwenye haki kuliko mimi na yeye. Aliendelea kuja mazoezini.

Padre_wa_Mbali
Tumsifu Yesu Kristo. Mama, swali hilo ni la tangu mmisionari wa kwanza. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549, na katika barua yake ya mwaka 1552 anaeleza jinsi waongofu wake walivyolia alipowaambia wazazi wao waliokwisha kufa hawawezi kutolewa motoni. Mpaka leo nyumba nyingi zina butsudan, kabati la Kibudha la kuwakumbuka marehemu, na mara nyingi mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeachiwa makaburi ya ukoo. Kijana wa namna hiyo anaweza kuipenda Injili kabisa, ila ubatizo unamshinda kwa sababu ya baba yake. Mimi ni Mchaga, wazee wetu tumewazika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Mkipata nafasi fikeni Nagasaki. Wakristo 26 walisulubiwa pale mwaka 1597, halafu mwaka 1614 Ukristo ukapigwa marufuku nchi nzima. Watu wakafanywa waikanyage sanamu ya Kristo au ya Bikira Maria ili ijulikane nani si Mkristo. Tarehe 17 Machi 1865, wakulima wa Urakami walimwendea Padre Petitjean, mmisionari Mfaransa, katika kanisa la Oura wakamnong'oneza kwamba moyo wao na wake ni mmoja, kisha wakamuuliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Zaidi ya miaka 200 bila padre, wanabatizana wenyewe kwa siri! Na bado serikali iliwahamisha zaidi ya 3,000 kwa nguvu, mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 1873. Kwa hiyo anayesema Injili haishiki kwa Wajapani, mimi huwa namwacha aongee.

Kijana_Nagoya
Milele amina Padre. Mimi nilikuwa mwanafunzi, niongezee la vijana. Wenzangu darasani neno dini lenyewe liliwatisha. Machi 1995 kundi la kidini la Aum Shinrikyo lilipuliza gesi ya sumu kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo, watu wakafa. Mwaka 2022 Abe Shinzo, waziri mkuu wa zamani, akapigwa risasi akafa, na aliyempiga alieleza kwamba mama yake alifilisika kwa kulitolea sadaka Kanisa la Muungano, dhehebu lililoanzia Korea. Kwa hiyo mtumishi, usigonge milango ya watu usiowajua, na habari za kupanda mbegu ya sadaka usizifungue hata kwa utani.

Mzee_Kanzu
Hahaha, mimi nilifuatwa na mtu wa hoteli nivae joho nifungishe ndoa za wikendi, kwa malipo mazuri tu. Ndoa ya kanisani wanaipenda kwa gauni na picha, imani haiulizwi, na hata uchungaji wangu hakuuliza. Nilikataa, ingawa najua wenzangu waliokubali. Krismasi nayo ni siku ya kazi kama nyingine, watu wanakula kuku wa kukaanga na keki ya stroberi. Ila usiku wa mkesha hata wasioamini wanaingia kanisani kwenye ibada ya mishumaa. Mkiweza, safari yenu iangukie hapo.

Safari_ya_Imani
Mbarikiwe sana. Tunaondoka Desemba, basi tumepatia bila kujua. Zawadi tubebe nini?

Mama_wa_Kobe
Kahawa. Jina la Kilimanjaro kwenye kahawa wanalijua hata wasioijua Tanzania. Na soksi zisizo na tundu, viatu mtavua kila mlango.

Padre_wa_Mbali
Mkalimani mmeshampata? Kama bado, nitafute faragha, yupo sista mmoja hapo Osaka anajua Kiswahili.