Mama anauza korosho ila stakabadhi hawezi kuisoma. Nimwambieje akasome?

Mtoto_wa_Kitangari
Wakuu, niko Newala. Mama yangu ana miaka sitini na ushee, mikorosho yake anaipalilia mwenyewe. Msimu uliopita alipeleka mzigo ghalani, stakabadhi akaifunga kwenye pindo la kanga. Hela ilipoingia benki akamwita mjukuu wa darasa la sita: "Nisomee, wameweka ngapi?" Namba ya siri nayo mjukuu anaijua. Siku hizi salio la bibi linapungua, na kijana hakosi chipsi.

Ila hela si kitu. Kikundi chao cha kuweka na kukopa walitaka awe mweka hazina, akasingizia mgongo. Kwenye mkutano wa chama cha msingi anakaa nyuma kabisa. Daftari la mahudhurio likimfikia anatia dole gumba huku kafunika kwa mkono wa pili. Makato yakisomwa, kimya. Na nyumbani ndiye msemaji mkuu!

Korosho_Ghafi
Hata sisi tuliosoma makato hayo hatuyaelewi. Angalieni mizani kwanza.

Mtoto_wa_Kitangari
Kweli, ila wewe ukipunjwa unagomba. Yeye anadhani kakosea yeye.

Mwl_Mstaafu_Masasi
Wanangu, Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita alizozitaja Mwalimu Nyerere zifute ujinga kufikia mwisho wa 1971. Watu wazima walisoma vitabu vya kilimo chao wenyewe. Kufikia 1986 wasiojua kusoma nchini walihesabiwa asilimia 9.6 tu, kisha tukalegea.

Usimwambie "kasome". Mwambie unataka ajue kilo zake. Anza na stakabadhi ileile: jina lake, uzito, daraja. Namba huenda anazijua tayari, maana hela anahesabu. Halafu mwone afisa elimu ya watu wazima pale halmashauri, uulize darasa la KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) lililo karibu. Namba ya siri ibadilishwe leo.

Mama_Ruangwa
Mwalimu, shikamoo. Naongezea: Oktoba hadi Januari usimwambie habari za darasa, yuko shambani. Na ulizia mwalimu mwanamke. Mama mtu mzima hasahihishwi na kijana ambaye mama huyohuyo ndiye aliyemcheza unyago dada yake.

Umempima macho? Wapo walioishia la nne, herufi wanazijua, hawazioni tu.

Mtoto_wa_Kitangari
Marahaba kwa niaba ya mwalimu, haha. La nne kweli aliishia! Miwani ya kusomea Newala mjini inapatikana wapi?