Tupeane uzoefu: siku kilichokuwa hewani hakikuwa ulichodhani

Fundi_Waya
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka ibadani leo na moyo mzito. Kijana wa miaka kama kumi na minane amekalishwa peke yake kwenye laptop ya kurushia ibada mubashara, kamera tatu, hana hata wa kumpokea waya. Mchungaji anasema "tusimame tuombe", kamera iliyoko hewani inaonyesha feni ya dari. Feni inazunguka, sala inaendelea, dakika nzima. Kijana ametulia kabisa, maana kwenye dirisha la priviu, la picha inayosubiri kwenda hewani, mchungaji anaonekana vizuri, na yeye anadhani ndicho watu wanachokiona nyumbani. Nilitaka kumgusa bega, nikaogopa nitamvuruga zaidi.

Nikakumbuka yangu ya mwaka 2021, sendoff moja Tabata. OBS, programu ya kurushia, nimeiweka hali ya studio, kushoto priviu, kulia hewani. Bibi harusi anaingia, namfuata kwa kamera namba mbili, shoti safi, taa zimemkaa usoni. Ila sikubonyeza kitufe cha kuihamishia hewani. Kulia ilibaki keki. Binti wa watu katembea ukumbi mzima, na kwenye rekodi mpaka leo ni keki na wimbo. Mama yake alipoangalia hakuniambia neno. Kile kimya chake bado ninacho.

Aliyewahi kukaa kiti kile aseme yake.

Kibo_Laivu
Keki! Mimi ilikuwa meza ya zawadi. Pole sana mkuu.

Binti_wa_Swicha
Yangu ni rangi. Nilijifunzia kwenye ATEM Mini, swicha ya kubadilishia kamera: kitufe chekundu kiko hewani, kijani kinasubiri. Miaka miwili macho yangu yakazoea hivyo. Nikaitwa kwenye kongamano Dodoma, nafika nakuta vMix, programu nyingine ya kurushia. Kule kijani ndiyo iko hewani, na inayosubiri ni rangi ya chungwa. Nilielezwa asubuhi, nikaitikia, nikadhani nimeelewa.

Saa nne mambo yamechanganya, kichwa kikarudi kwenye mazoea. Nikaona kijani nikasema hii ni salama, nikamwambia mshika kamera kwenye redio: "Tafuta shoti ya ukumbi, zungusha taratibu, tafuta foka, picha iwe kali." Akazungusha. Akapita kwa mheshimiwa amelala mdomo wazi, akarudi kwake kutafuta foka, akatulia palepale kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Yote hewani. Msemaji jukwaani anazungumzia uwajibikaji.

Mzee_wa_Rimoti
Huo ni uzembe, tusiupake sukari. Kabla ya kugusa mashine ya mtu unakaa nayo saa moja. Enzi zetu tulikuwa tunaambiwa usiku kucha uisome meza ya kuchanganyia picha, kesho ndiyo uikalie.

Binti_wa_Swicha
Shikamoo mzee wangu. Sikatai kusoma. Lakini nimefika saa mbili na nusu na shughuli ni saa tatu, hiyo saa moja ya kukaa na mashine ningeipata wapi? Na maltiviu ya OBS, ile ya kuonyesha kamera zote kwa pamoja, nayo inaweka nyekundu hewani na kijani priviu, kwa hiyo siko peke yangu niliyezoea hivyo. Wanaohama kutoka huku kwenda vMix waambiwe mapema, hilo ndilo ninaloomba.

Mzee_wa_Rimoti
Marahaba. Saa moja nakupa haki. Ila mlioanza na vMix msikubali kuambiwa mashine yenu ndiyo mbovu.

Pwani_Cam
Hakuna aliyesema mbovu, mzee. Mimi niko Mombasa, naitumia vMix na nimebandika utepe chini ya kioo: KIJANI = UKO UCHI. Tangu siku hiyo sijakosea.

Yangu ilikuwa harusi Kisauni, siku hiyo natumia OBS. Kila nikihamia kamera ya pili, hewani panakuwa peusi sekunde mbili tatu kisha picha inakuja. Nikalaumu waya, nikabadili waya. Nikalaumu kamera, nikabadili kamera. Mwisho nikagundua kwenye mipangilio ya chanzo kile, yaani kamera ya pili ndani ya OBS, kuna alama imewekwa ya kukizima kisipoonekana. Kwa hiyo kila nikikihitaji kinaamka usingizini. Angalieni hiyo alama kabla hamjamtukana muuza waya.

Mkaa_Nyuma_ya_Hema
Nimeandika hii na kuifuta mara tatu.

Ulikuwa msiba wa mama mmoja mlimani, Kilimanjaro. Mtoto wake wa kike yuko Marekani, karatasi zake hazijakamilika, akitoka hawezi kurudi. Familia ikaomba atoe salamu zake za mwisho kwa video. Nikaweka laptop ya pili ya kumpigia, waya wake wa HDMI ukaingia kwenye kadi ya kunasia, inayoingiza picha kwenye laptop ya kurushia, ikawa chanzo kama kamera nyingine. Chini ya mahema kulikuwa na televisheni mbili zilizofungua kiungo chetu cha YouTube, na sauti ya kiungo hicho ndiyo iliyokwenda kwenye spika.

Asubuhi tulipimana sauti mimi na yule dada. Watu walishaanza kuingia kwenye kiungo, sikutaka wasikie "halo, halo, unanisikia". Nikaenda kwenye mipangilio ya sauti ya OBS, chanzo chake nikakiweka "Monitor Only". Ukiweka hivyo unasikia wewe kwenye hedifoni, kinachotoka kinanyamaza. Tukamaliza kupima. Sikurudisha.

Saa nane mshereheshaji akamkaribisha. Nikamhamishia hewani, picha nzuri, mishale ya sauti inapanda na kushuka. Akaanza kwa Kiswahili, akamalizia Kichaga. Alimwambia mama yake kuwa ile kanga aliyomfunga begani uwanja wa ndege bado analala nayo. Alimwomba msamaha kwa mara zote alizosema atakuja Desemba. Mimi nalia, nimejifunga hedifoni, dunia nzima ni sauti ya huyo dada. Naona watu wanageuka kuniangalia, nikadhani wameguswa kama mimi.

Televisheni zilichelewa kama sekunde ishirini, kwa hiyo hata kilichokuwa kinaonekana pale hakikuendana na ninachosikia, na nilishazoea kutoziangalia. Kaka mkubwa akaja, akainua upande mmoja wa hedifoni: "Kijana, mbona dada haongei?" Wakati huo dada ndiyo anasema amina.

Dakika sita. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Na kwenye rekodi hakuna kitu, kwa sababu ukinyamazisha kinachotoka, rekodi nayo inanyamaza. Nilitaka kuomba arudie. Jeneza lilishainuliwa.

Kibo_Laivu
Nimekaa chini.

Pwani_Cam
Wallahi ndugu yangu, pole. Ulimwambia?

Mkaa_Nyuma_ya_Hema
Usiku nilimpigia. Nilishauriwa nisingizie mtandao, na angeamini. Sikuweza. Nilimweleza nilichokiweka na nilichosahau. Akakaa kimya kirefu, akaniuliza: "Wewe ulisikia?" Nikasema nilisikia yote. Akasema, "Basi kawaambie."

Siku ya kuondoa matanga nilirudi. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari kila nilichokumbuka usiku uleule. Ya Kiswahili nilisoma. Ya Kichaga siijui lugha, niliandika tu jinsi nilivyosikia, shangazi yao mmoja akawa ananisahihisha neno kwa neno mpaka akaelewa mwenyewe, akakaa. Pesa yao niliirudisha, wakanirudishia nusu.

Mzee_wa_Rimoti
Mwanangu, hilo ulilofanya mwishoni wengi hatungeweza. Ila usiitumie tena hiyo "Monitor Only". Kabisa. Ukitaka kupima sauti, pima kabla hujaanza kurusha.

Binti_wa_Swicha
Mzee, msiba mwingine unaanza kurushwa saa mbili asubuhi na mgeni anapatikana saa saba kwa sababu kwao ndiyo kunakucha. Ataipima lini? Itumike, lakini pale unapoiweka unafunga kitambaa chekundu mkononi, hukifungui mpaka umeirudisha. Mimi ndivyo ninavyofanya na kila kitu cha muda.

Fundi_Waya
Mimi naona tatizo ni hedifoni. Hedifoni yako inasikia mashine. Anayepaswa kusikilizwa ni mtazamaji. Weka simu moja kwa bando lake, mbali na mtandao wako, imefungua kiungo kama mtu wa kawaida, na sikio moja liwe huko.

Kibo_Laivu
Au mpe shangazi aliyeko Muscat namba yako. Sauti ikipotea sekunde tano ameshapiga. Hakuna monita inayomfikia shangazi, na nasema kweli, kwetu ndiyo mfumo rasmi.

Pwani_Cam
Na ile laptop ya mgeni irekodi yenyewe, pembeni, bila kupitia kwako. Hata hewani pakiharibika, maneno ya mtu yanabaki.

Mtu_wa_Mita
Samahani kwa kuingilia, kuna anayekodisha swicha ya kamera nne kwa siku mbili Morogoro?

Mzee_wa_Rimoti
Soma kwanza juu, halafu uulize.

Mkaa_Nyuma_ya_Hema
Mwacheni, ana shughuli. Mtu_wa_Mita, niandikie pembeni, ninayo ATEM Mini. Lakini ni ile ya kawaida, haitoi maltiviu, inayotoa ni Pro. Utaona kamera moja moja tu, kwa hiyo kila mshika kamera wako awe na redio na akwambie yuko wapi kabla hujamweka hewani.

Fundi_Waya
Nimempata kijana wa kanisani kwa simu. Anasema hajawahi kuambiwa tofauti ya priviu na hewani, alionyeshwa tu pa kubonyeza. Na ile feni haijui, ndiyo amesikia kutoka kwangu. Jumapili nakaa naye kuanzia ibada ya kwanza. Laptop yao ina kioo kimoja kidogo kila kitu kimebanana, nitabeba televisheni yangu ya inchi 19 tuiweke maltiviu peke yake, kamera zote aone kwa pamoja, na iliyoko hewani iwe na fremu nyekundu mbele ya macho yake.

Aliye Tabata au Segerea na HDMI ya mita mbili ya ziada anijulishe kabla ya Jumamosi.

Binti_wa_Swicha
Ninayo. Nipo Segerea mwisho. Na kitambaa chekundu nitakuletea.