Maine Pyar Kiya iliwafunza Watelugu mapenzi, au iliwakuta wanayajua?

Mleta mada: Wakuu, juzi tumebishana hadi chai ikapoa. Jamaa yangu anashikilia kuwa picha za mapenzi za Kitelugu, lugha ya watu wa Andhra kule kusini mwa India, ni watoto wa Maine Pyar Kiya, ile ya Kihindi ya Salman Khan na Bhagyashree ya 1989. Ilipoingizwa sauti za Kitelugu ikaitwa Prema Pavuralu, yaani njiwa wa mapenzi, ikapendwa sana Andhra. Mimi nimekataa. Mnasemaje?

Mzee wa Kaseti: Jamaa yako hajakosea, mkuu. Kumbuka sharti la baba wa binti: kijana wa kitajiri apate rupia 2,000 kwa mwezi, kwa jasho lake mwenyewe. Akaendesha lori, akabeba mawe. Haya, tazama Nuvvostanante Nenoddantana, ya Kitelugu, 2005. Kijana katoka London, kaka wa binti ni mkulima, anamwambia: lima, tuone nani atavuna zaidi. Si sharti lile lile hilo?

Mleta mada: Sharti ndilo, lakini mwezi si msimu. Mshahara unauhesabu, mpunga unausubiri, huku unalala na mifugo. Picha nzima imegeuka hapo. Tena Prabhu Deva aliyeiongoza aliirudisha kwa Kihindi mwaka 2013, Ramaiya Vastavaiya. Sasa nani kamuiga nani?

Halafu mzee wangu, Salman kwenye Maine Pyar Kiya aliimbiwa na nani? S. P. Balasubrahmanyam, Mtelugu! Na huyo Mumbai walikuwa wameshamshangilia kwa Ek Duuje Ke Liye ya 1981, ambayo ni Maro Charitra ya Kitelugu, 1978, iliyorudiwa. Mwongozaji yule yule, K. Balachander, na mwigizaji yule yule, Kamal Haasan. Kaskazini mwa India walilia machozi ya Kitelugu miaka minane kabla ya njiwa wa Salman. (Sisi huku zote tunaita "picha la Kihindi", basi tunaona kila kitu kimetoka Mumbai.)

Mzee wa Kaseti: Sauti nakupa. Sharti sikupi.

Dada Mbishi: Kaka zangu, mnagombea sharti kama mahari yenu. Kwenye picha zote mbili, wanaume wawili wanapatana na binti yuko pembeni anangoja matokeo. Niambieni basi, hilo nalo nani alimfunza mwenzake?